Mashine ya kuotesha giligilani jikoni: nimekaa nayo miezi mitatu, haya ndiyo niliyoyaona

Haya wapenzi mambo vipi, karibuni tena jikoni kwangu, na wale wa siku nyingi mnalijua hili jiko, nikinyoosha mkono huu nagusa friji, nikinyoosha huu nagusa mlango, kwa hiyo kitu chochote kikikaa hapa kwenye kaunta lazima kilipe kodi.

Sasa huyu mpangaji wangu ndiye huyu hapa, ngoja nisogeze kamera, mnaiona? Ndiyo ile mashine mliyokuwa mnaniulizia, ya kuotesha majani ya jikoni bila udongo. Chapa sitaji maana hizi zinafanana zote, unabadilishiwa boksi tu. Ina tangi la lita 4, matundu 12, kapampu kadogo ka kuzungusha maji, na taa ya wati 24 inayopanda na kushuka kwenye hiki kijiti. Nilinunua elfu 145 mtandaoni. Naomba muikumbuke hiyo hela maana fungu la giligilani hapa sokoni kwetu ni 500, piga hesabu mwenyewe, ni mafungu 290, hapo hata mbegu hujatia.

Nianze na raha yake kwanza maana ipo, nisiwe mchoyo. Rehani, jamani rehani! Hii rehani ya Kizungu ya kuweka kwenye pasta, siyo kivumbasi cha bibi cha kufukuzia mbu, hii harufu yake ni tamu tamu, supermarket wanaiuza kifungashio kidogo kwa bei ya kuku. Siku ya sita zilikuwa zimeshachomoza zote nne, mwezi mmoja ulivyoisha nikawa nakata kila wiki. Siri yake usinyofoe jani moja moja kutoka chini kama watu wengi wanavyofanya, unakata kichwa, hapa, mnaona hapa majani mawili yanapokutana, unakata juu yake kidogo, basi pale yanatoka matawi mawili, na ukiona kaua kanataka kutoka kanyofoe mapema, likishapata maua jani linakuwa chungu. Kosa langu nilisafiri siku tano nikasahau kuipandisha taa, narudi nakuta vichwa vimegusa taa vimebabuka.

Mnanaa nao safi, ila mnanaa usihangaike na mbegu, hata kwenye boksi mbegu zake zilikuwepo hazikuota hata moja. Nenda sokoni nunua fungu la 500, chagua vijiti vilivyonyooka, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji hapo dirishani, wiki moja na kidogo unaona mizizi myeupe. Mimi ndivyo nilivyofanya, nikavichomeka kwenye mashine vikaenda. Vikaenda mno, mizizi ikajaa tangi zima mpaka ikaingia kwenye pampu, ikawa inakoroma kama mzee aliyelala kwenye kochi. Mnanaa mpe chombo chake peke yake, hajui kukaa na wenzake.

Haya, sasa giligilani, ambayo ndiyo nilinunulia mashine, wengine mnaita kotimiri, ndugu zangu wa Kenya dania. Bure kabisa. Zimeota ndiyo, baada ya siku kumi, zikarefuka vishingo vyembamba kama uzi, halafu wiki ya sita zikaanza kutoa yale majani membamba ya kama manyoya, ukiona hivyo ujue imeshaamua kutoa maua, kachumbari hakuna tena. Nimejiuliza sana nimekosea wapi nikagundua ni joto. Giligilani inapenda ubaridi, na hili jiko langu Dar hii mwezi wa pili, gesi inawaka, friji inapumua joto, yale maji ya kwenye tangi nikiyashika ni ya uvuguvugu wa kuogea mtoto. Maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake, mizizi inakosa pumzi, inageuka kahawia inateleza. Nimetia hadi vipande vya barafu jamani, nani ana muda huo?

Na maji yenyewe ni habari nyingine. Hapa kwenye jengo letu tunatumia kisima na mnayajua maji ya visima vya Dar, chumvi. Wiki mbili za mwanzo ncha za majani zote zilikuwa zinaungua nikadhani ni mbolea nimezidisha, kumbe maji. Nikahamia maji ya mvua ninayokinga, mvua isiponyesha nanunua ya dumu. Ile mbolea inakuja chupa mbili, A na B, usizichanganye zenyewe kwa zenyewe kabla ya kutia kwenye maji, zinagandana zinatengeneza kitu kama chaki chini na hapo mmea haupati kitu. Tia A kwenye tangi lenye maji, koroga, ndiyo tia B. Na matundu usiyotumia yazibe, mimi nimeweka foili, taa ikipiga maji moja kwa moja linaota lile likijani la kuteleza kama la kwenye simtanki chafu.

Umeme. Mmeniuliza sana. Taa inawaka masaa 16 kwa siku, wati 24, kwa mwezi ni kama yuniti 11 na nusu hivi. Mimi elfu kumi ya luku napata yuniti 28, kwa hiyo mashine inakula kama elfu nne na mia moja kwa mwezi. Siyo hela ya kukuua, lakini ni mafungu nane ya giligilani hayo, giligilani ambayo haioti! Kilichonichosha zaidi siyo hela, ni ile saa yake. Haina kumbukumbu. Inahesabu masaa 16 kuanzia pale ilipopata umeme, kwa hiyo nimeiweka iwake saa kumi na mbili asubuhi izime saa nne usiku, vizuri, umeme ukikatika jioni ukirudi saa mbili usiku inaanza kuhesabu upya, mpaka kesho saa sita mchana. Nimeamka saa nane usiku kunywa maji nakuta jikoni kunawaka kama ukumbi wa harusi. Kama unaishi chumba kimoja, kitanda kule jiko huku, fikiria mara mbili.

Sasa huku pembeni, hamjaliona hili, nililificha makusudi. Hili ni dumu la mafuta la lita 5, nimelilaza, nimekata ubavu, nimetoboa matundu chini kwa msumari wa moto, udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri (vizuri, ikiwa mbichi utahamia kwa dada yako kwa harufu), na pumba za mpunga kidogo ili maji yasituame. Mbegu za giligilani ni hizi hizi za kwenye duka la viungo, za pilau. Unaziviringisha na chupa zinapasuka mbili, maana kila kipunje ndani ni mbegu mbili, unaloweka usiku mmoja, unazimwaga hapo hapo zitakapokaa. Giligilani haitaki kuhamishwa, mzizi wake mmoja mrefu ukiugusa inasusa. Kila wiki mbili namwaga nyingine, hivyo hata hizi zikikimbilia maua zile zinafuata. Na hili dumu lilikaa jiko hili hili, ila dirishani, mbali na gesi na friji. Angalia hiyo rangi.

Kuhusu dirisha, video nyingi za nje wanakwambia weka dirisha la kusini. Wale wako Ulaya. Sisi hapa Dar jua linapita juu ya kichwa, kuanzia Machi mpaka Oktoba liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linahamia kusini, kwa hiyo dirisha la kusini mwezi wa sita hupati kitu. Dirisha zuri ni la mashariki, jua la asubuhi mwaka mzima na halichomi kama la saa tisa. Langu ni hilo, nililofanya ni kuosha wavu wa mbu tu, ulikuwa na vumbi la miaka mitatu umekuwa kama pazia. Wale vijidudu weusi wanaoruka ruka juu ya udongo, hao wanakuja ukimwagilia sana. Chomeka kidole, pakavu ndiyo umwagilie.

Kwa hiyo mashine naipa tano kwa kumi, na hizo tano zote ni za rehani na mnanaa. Kwa mtu mwenye dirisha analipia umeme kununua mwanga uliopo bure hapo nje. Ila jirani yangu wa chini jiko lake linatazama ukuta wa nyumba ya pili, mchana anawasha taa, na anapenda sana chai ya mnanaa, tumeshaelewana bei, Jumamosi tunaishusha. Nimemwambia kuhusu ile saa, asije akasema sikumwambia.

Wa Mbeya na Arusha naombeni mniandikie hapo chini, huko kwenu kwenye baridi giligilani inakaa wiki ngapi kabla haijatoa maua?