Idhini ya bima kwa vipimo vya kisaikolojia Marekani: uzoefu wangu upande wa mpimaji

Nyota mbili kati ya tano.

Tangu Januari 2019 bima hutulipa kwa misimbo hii ya huduma: 96136 ni nusu saa ya kwanza ya kupima na kusahihisha, 96137 kila nusu saa inayofuata. Kufasiri matokeo, kuandika ripoti na kumpa mgonjwa majibu ni 96130 kwa saa ya kwanza, 96131 kwa zinazofuata.

Kwa mtoto wa miaka 9 anayeshukiwa kuwa na usonji, mwenye wasiwasi pia, naomba bima iidhinishe saa 8: WISC-V (kipimo cha akili), ADOS-2 (kipimo cha usonji) na hojaji za wazazi na mwalimu zichukue 4, ripoti na majibu 4. Mara nyingi zinarudi 5. Mtoto lazima apimwe, kwa hiyo kinacholiwa ni ripoti: ama uiandike bure usiku, ama itoke nyembamba. Kwa watu wazima, hojaji ya haiba na afya ya akili MMPI-3, yenye maswali 335, imeniokoa kuliko MMPI-2 yenye 567, na sioni hasara kubwa hapo. Ila Rorschach, kipimo cha madoa ya wino, siiombi tena. Muda wake hauombeki.

Neno “shule” kwenye fomu huua ombi. Ugumu wa kusoma huitwa suala la elimu, mzazi anaelekezwa shuleni, ambako IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe bila malipo. ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) peke yake nayo hukataliwa, eti mahojiano na hojaji vinatosha. (Mara nyingi vinatosha kweli.) Usiandike “tathmini kamili ya mtoto”. Andika: “Dawa mbili hazikusaidia, je, kutotulia huku ni ADHD, wasiwasi au usonji? Jibu litaamua kama dawa iendelee.”

Dakika nazo zina mtego. Ukifanya dakika 30 za 96130 hulipwi kitu, zinatakiwa 31. Kwa 96136 ni 16, na vipimo viwe viwili au zaidi. Andika saa ya kuanza na kumaliza, hata ya kusahihisha. Angalia pia tarehe ya barua ya idhini: kipimo cha siku moja kabla yake ni hasara yako, na barua yenyewe husema si ahadi ya malipo.

Ukikataliwa, omba kuongea na mkaguzi wa bima kwa simu, na uulize kama ni mwanasaikolojia. Akiwa mwanasaikolojia, saa mbili tatu zilizokatwa hurudishwa. Nyota ya pili ni ya simu hiyo.