Joe Henderson amuenzi Billy Strayhorn: albamu niliyoianzia katikati

Mimi ni mtu wa maabara. Kutwa napima damu za wagonjwa: chembe nyeupe, nyekundu, chembe sahani, natia saini, majibu yanakwenda kwa daktari. Basi nilipoona wimbo wa tatu wa albamu hii ya jazi ya Joe Henderson, mpiga saksafoni, unaitwa "Blood Count", yaani hesabu ya damu, niliruka miwili ya mwanzo nikaenda moja kwa moja hapo.

Mtunzi Billy Strayhorn aliutunga akiwa hospitalini, anaugua kansa ya umio. Aliupeleka kwa Duke Ellington, kiongozi wa bendi na mwenzake wa kazi wa karibu miaka 30, na ndio utunzi wake wa mwisho. Alifariki Mei 1967, ana miaka 51. Henderson haulii kwa sauti kubwa. Noti za juu anazifikia kwa pumzi nyembamba, kama mgonjwa anayepanda ngazi huku ameshika ukuta. Nimesaini majibu ya namna hiyo mara nyingi sana. Siku ile nilimsikia mwenye damu.

Albamu yenyewe ni "Lush Life: The Music of Billy Strayhorn", nyimbo 10, iliyorekodiwa mwaka 1991 katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, ikatolewa na kampuni ya Verve mwaka uliofuata. Henderson alikuwa na miaka 54, Christian McBride wa besi 19 tu. "Isfahan" wanaipiga wawili hao peke yao, na kijana hatetereki hata kidogo. Tarumbeta ya Wynton Marsalis kwenye "Johnny Come Lately" imenyooka mno kwa sikio langu; nilitamani iwe na vumbi kidogo.

Kinachonivuta zaidi ni jinsi wapigaji wanavyopunguzwa. "Take the 'A' Train", ambayo dunia nzima inaijua kwa bendi kubwa, hapa ni saksafoni na dramu za Gregory Hutchinson, basi. "Lotus Blossom" ni saksafoni na piano ya Stephen Scott. Kisha mwishoni, "Lush Life", wimbo ambao Strayhorn aliuanza akiwa bado kijana Pittsburgh, wote wanaondoka. Anabaki Henderson. Melodi ile inapinda sana na kwa kawaida huegemea piano. Yeye anaipuliza kidogo, ananyamaza, anaacha ukimya ushike nafasi ya piano, ndipo anaendelea.

Sikiliza kwa hedifoni, usiku, nyumba ikiwa imelala. Kwenye daladala utazikosa pumzi zake.