Uzoefu wangu na kisanduku cha kuhifadhia mafaili ofisini: kwa nini mafaili yalichelewa kuonekana

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa ofisi yetu ya Mwanga, hapa Kigoma, imekuwa ikitumia kisanduku chenye diski mbili kuhifadhi mafaili ambayo kompyuta nne huyafungua kwa pamoja kupitia mtandao wa ndani. Tunanunua dagaa na mawese na kuvisafirisha, na mimi ndiye mtunza hesabu. Chapa ya kisanduku sitaitaja, kwa kuwa lawama nilizokitupia kwa miezi mitatu ya mwanzo karibu zote hazikukistahili, na ningependa mwenye tatizo kama langu asome haya kabla hajakirudisha chake dukani. Kilitugharimu kiasi kinachokaribia bei ya kompyuta ya mezani iliyotumika.

Tatizo lilijitokeza wiki ya kwanza. Kijana wa mizani hupima gunia, huchapa uzito na kuhifadhi stakabadhi ya PDF kwenye folda ya stakabadhi, kisha mimi huifungua dirishani ili nimlipe muuzaji. Muuzaji ameshasimama mbele yangu, na folda yangu haina kitu. Nikauliza, “Kaka, stakabadhi ya mama wa Katonga iko wapi?” Akajibu, “Dada, nimeshaihifadhi, mbona hapa naiona?” Na kweli alikuwa anaiona. Nikihesabu kidogo, nikibonyeza F5 mara mbili tatu, ghafla inajitokeza kana kwamba ilikuwepo muda wote.

Fundi aliyetufungia mtandao alisema ruta ni dhaifu. Tukabadilisha ruta, tukabadilisha na kebo mbili, hali ikabaki ileile. Nilianza kumtilia shaka nilipogundua kwamba faili kubwa la picha za ghala lilinakiliwa kutoka kwenye kisanduku kwa kasi nzuri kabisa, na kwamba amri ya ping, inayopima muda wa kifaa kujibu kupitia mtandao, kutoka mezani kwangu ilijibiwa kwa chini ya milisekunde moja. Mtandao dhaifu ungechelewesha mzigo wenyewe, lakini wetu ulikuwa unachelewesha jina la faili tu.

Jaribio lililonifumbua macho halikuhitaji utaalamu. Nilifungua ukurasa wa usimamizi wa kisanduku kwenye kivinjari, nikaweka folda ileile kando yake katika dirisha la kawaida la Windows, kisha nikamwomba kijana wa mizani ahifadhi faili tupu huku nikiangalia saa ya simu. Kwenye ukurasa wa kisanduku faili lilionekana mara moja nilipouonesha upya. Kwenye dirisha la Windows sekunde ya tatu halikuwepo, ya saba halikuwepo, na lilijitokeza karibu na sekunde ya kumi. Tulirudia mara nne na jibu halikubadilika sana. Kwa hiyo kisanduku kilikuwa kimeshapokea faili. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa ikinionesha orodha ya zamani.

Sababu yake imo kwenye maelezo ya Microsoft yenyewe, na ni mpangilio wa makusudi. Kompyuta ya Windows inapofungua folda ya mtandaoni kwa itifaki ya SMB, yaani kanuni ambazo Windows hutumia kushirikiana mafaili mtandaoni, hutunza orodha ya folda hiyo kwenye kumbukumbu yake kwa sekunde 10 ili isiulize seva (kwetu ni kisanduku) jambo lilelile kila mara. Taarifa za faili moja moja, kama ukubwa na tarehe, nazo hutunzwa sekunde 10. Jibu la kwamba faili fulani halipo hutunzwa sekunde 5, na hili ndilo lililokuwa likitukera zaidi, kwa sababu nikiitafuta stakabadhi kabla haijahifadhiwa, kompyuta inaendelea kushikilia kwamba haipo hata baada ya kufika. Tangu SMB 3.0, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, kuna utaratibu wa seva kuipa kompyuta dhamana ya folda na kuijulisha folda ikibadilika, lakini visanduku vingi vya aina hii huendeshwa na Samba, programu ya seva inayozungumza SMB, ambayo haikuwa na utaratibu huo kabla ya toleo la 4.22. Chetu kina toleo la nyuma ya hapo.

Marekebisho yanafanyika kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, katika njia ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanWorkstation\Parameters. Huko niliongeza thamani tatu za aina ya DWORD (yaani za namba), DirectoryCacheLifetime, FileInfoCacheLifetime na FileNotFoundCacheLifetime, zote nikaziwekea 0, kisha nikaizima kompyuta na kuiwasha. Tangu siku hiyo stakabadhi inaonekana kabla kijana hajamaliza kulifunga gunia. Asiyezoea rejista amwite mtu, na kwanza atoe nakala yake, maana kosa dogo mle linaweza kuizuia kompyuta isiwake. Tena jambo hili lina gharama: kompyuta sasa inauliza kila kitu upya, na folda yetu ya stakabadhi, iliyokuwa na mafaili ya tangu tuanze, ikawa inafunguka kwa kusuasua hadi nilipoigawa kwa miezi. Ndiyo maana nimeweka 0 kwenye kompyuta yangu na ya mizani tu, na ile ya kuandikia hati za malori nimeiacha kama ilivyokuwa.

Kompyuta mpakato ya mzee wetu, mwenye biashara, ilikuwa na ugonjwa mwingine ambao kwa muda mrefu tuliuchanganya na huu. Yeye hakuwa anachelewa kwa sekunde. Aliona hesabu za jana mpaka jioni, na siku moja alimpigia mteja wa Kasulu kumdai deni lililokuwa limeshalipwa asubuhi. Siku za nyuma mtu alimwashia huduma ya kuzitumia folda za mtandaoni hata akiwa safarini, na folda zake zote zilikuwa na kialama cha kijani cha mishale miwili ambacho hakuna aliyekijali. Huduma hiyo huweka nakala ndani ya mashine, na mtandao ukionekana wa polepole, yaani majibu yakizidi milisekunde 35 kwenye Windows 8 na zilizofuata, Windows huhamia kwenye nakala na kuilinganisha na seva baadaye. Wi-Fi yetu ya chumba cha nyuma huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Tulilinganisha kwanza nakala zake na za kisanduku ili asipoteze alichoandika, ndipo tukaizima huduma hiyo, na sasa anatumia kebo akiwa ofisini.

Kulikuwa na kisa cha tatu, na hiki ni cha fundi moja kwa moja. Alipokifunga kisanduku aliacha majira ya kiwandani, yaliyo mbele yetu kwa saa tano, kisha akaandika saa yetu kwa mkono. Faili jipya lililoundwa saa kumi jioni likawa linaonekana limeandikwa saa tano asubuhi, na kwa kuwa mimi hupanga folda kwa tarehe, lilijificha chini ya mafaili yaliyonakiliwa kutoka kwenye kompyuta zetu, ambayo hubaki na saa sahihi. Tulidhani halijafika, kumbe lilikuwa limefika na kukaa mahali pasipo pake. Kuchagua majira ya Afrika Mashariki na kuruhusu saa ijirekebishe kwa intaneti kulichukua dakika mbili.

Ambacho hakijatibika ni Excel. Kitabu cha mizigo kikiwa wazi mezani kwangu, mwingine hukifungua kwa kusoma tu na kuona nilichohifadhi mara ya mwisho, na skrini yake haibadiliki mpaka akifunge na kukifungua tena. Umeme ukikatika nikiwa ndani, hubaki faili lililofichwa linaloanza na alama ~$, na kesho yake Excel inawaambia wenzangu kwamba bado ninakitumia. Hulifuta kwa mkono baada ya kuhakikisha hakuna aliyekifungua.

Kisanduku chenyewe kinafanya kazi yake: diski hazijaleta shida na matumizi yake ya umeme ni madogo. Kwa bei ileile ningekinunua tena, ila kijitabu kilichokuja nacho hakina hata sentensi moja kuhusu haya, na feni yake ina kelele kiasi kwamba tumekihamishia stoo, nyuma ya madumu ya mawese.