Waliniambia mahesabu ya kikoba yamekufa, kumbe yalikuwa yamefichwa

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama huku Mbagala, tuko 28. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote vilikuwa kwenye flashi moja. Majuzi, zikiwa zimebaki siku chache tuvunje, nilienda kuprinti steshenari. Kurudi nyumbani, kila folda ina kamshale pembeni na ukibofya hakifunguki kitu. Mweka hazina akisema mahesabu yamepotea wiki ya kugawana, nani atamwamini?

Mbio Kariakoo, kwenye duka moja la mafundi, silitaji. Kijana akanitoza shilingi 10,000 ya kuchunguza. Akachomeka, akatupia jicho, akachomoa. "Zimekufa hizi. Kurudisha laki na nusu, na sikuahidi. Au tufomati uanze upya." Nikamuuliza zimekufaje wakati asubuhi zilikuwepo. Hakunijibu mimi, aliwageukia wenzake: "Mama, kompyuta siyo sufuria. Kama hujui, usiguse." Wakacheka. Waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka. Nina miaka hamsini na moja, nimelea watoto wanne kwa hilo sufuria.

Sisemi ni matapeli. Labda alikuwa amechoka, Kariakoo mwisho wa mwaka si mchezo, na kwa chaja na vioo vya simu lile duka sina ubaya nalo.

Jioni nikabisha hodi kwa mzee jirani yetu, mstaafu. Huyu alianza kuzipenda kompyuta zikiwa bado chini ya ile marufuku ya mwaka 1974 ya kuziingiza nchini, na mpaka leo ana kopo la bati limejaa diski za megabaiti 1.44. Mtaa mzima tunampelekea mashine zetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Hakugusa folda hata moja. Alibofya kulia kwenye jina la flashi, akafungua sifa zake, akanionesha lile duara: GB 3 zimetumika. "Hivi vishale vyote ukivijumlisha havifiki hata megabaiti moja. Sasa hizo GB tatu zimekaliwa na nani?" Moyo ukanirudi pale pale. Akafungua skrini nyeusi, akachukua risiti ya LUKU, akaandika nyuma yake amri ya kufichua vilivyofichwa (hiyo e ndiyo flashi yangu):

attrib -h -r -s /s /d e:\*.*

Kisha akaniachia kiti. "Andika mwenyewe." Nikaandika, ikagoma. Nilikuwa sijaacha nafasi baada ya attrib. Nikarudia herufi kwa herufi, yeye kanyamaza tu nyuma yangu. Nilipofungua flashi kulikuwa na folda mpya isiyo na jina lolote. Ndani yake: Hisa, Mikopo, Faini, Jamii. Nililia mbele ya mzee wa watu.

Akanieleza kwamba kirusi kinazificha folda halisi na kuweka njia ya mkato inayofanana nazo, ukiibofya unakisambaza wewe mwenyewe. Tukavifuta vishale, tukasafisha na kompyuta yangu. Halafu akanigombeza kwa kuweka mali ya watu 28 kwenye flashi moja, na hapo alichukua karibu saa nzima, akachanganya na habari za diski zake. Ukiwa na haraka usiende kwake. Hapana, nenda tu, hata ukiwa na haraka. Pesa alikataa kabisa.

Sasa nikikaa nikifikiria ndipo damu inachemka. Ugonjwa unaotibika kwa mstari mmoja, fundi wa Kariakoo anayechomeka flashi za watu kutwa asiujue? Virusi vya vishale kila steshenari ya mjini wanavijua. Alijua. Aliona mama mwenye kanga na hofu, akaona laki na nusu. Na angefomati kweli, angeyafuta mahesabu ambayo yalikuwa mazima mle ndani! Basi nafuta nilichosema hapo juu: ni matapeli, na chaja zao siendi kununua tena.

Kikoba tulivunja Jumamosi, kila mtu na chake. Ile 10,000 niliitoa mfukoni kwangu, na kijana yule bado ninamdai.