Mafunzo ya uamuzi wa kuogelea: darasa linapwaya, bwawani ndiko unakofundishwa

Kama unajiunga na mafunzo haya ya waamuzi wa mashindano ya kuogelea ili umwone mwanao kwa karibu akiogelea, baki jukwaani. Siku ya zamu yangu ya mafunzo mwanangu alikuwa njia ya nne, mimi nikakodolea macho ukuta wa njia ya saba. Matokeo yake niliyasoma ubaoni kama mpita njia. Nalisema hili mapema kwa sababu waliotuandikisha hawakulisema, na wazazi ndio wengi katika kazi hii ya kujitolea.

Mafunzo yenyewe yana darasa la jioni, mtihani wa kuchagua majibu kwenye kompyuta, kisha zamu za kusimama pembeni mwa bwawa chini ya mwamuzi mzoefu. Mtihani sina la kusema juu yake. Ukiwa na kitabu cha kanuni mkononi utafaulu tu.

Darasa ndilo lililonikera. Slaidi zilisomwa neno kwa neno, na kijitabu tulichogawiwa bado kiliandikwa FINA, wakati shirikisho hilo la kuogelea la dunia sasa linaitwa World Aquatics. Jina tungelisamehe, lakini na kanuni zilikuwa za zamani. Kwa mtindo wa mgongo, kijitabu hakikuwa na mabadiliko ya mwaka 2023 yanayomruhusu mwogeleaji kuzama mwili mzima akimalizia, kichwa kikishapita alama ya mita 5 za mwisho. Mwamuzi mpya akikifuata kijitabu kile atamwengua mtoto asiye na kosa. Mwenzetu mmoja aliuliza, akajibiwa kwamba nakala mpya zinakuja.

Kipindi kimoja tu cha darasa kilinifurahisha, cha watunza saa. Unaanzisha saa kwa kuona taa ya mashine ya kuanzishia, hungoji mlio, maana mwanga hukufikia kabla ya sauti. Mwishoni unasogea hadi ukingoni uutazame ukuta kutoka juu, maana ukisimama nyuma maji yanayoruka yanakuficha mguso. Njia moja ikiwa na watunza saa watatu, saa mbili zikikubaliana huo ndio muda. Zote zikitofautiana, unachukuliwa wa katikati: kwenye 31.24, 31.29 na 31.31, mwogeleaji anaandikiwa 31.29. Wenzangu kadhaa walishaanza kujumlisha wagawe kwa tatu! Wastani hutafutwa pale saa moja inapogoma zikabaki mbili.

Bwawani mambo yakawa mengine kabisa. Nilipangwa na mama mmoja mtu mzima, fulana nyeupe, mkaguzi wa mageuzo, yaani anayewaangalia waogeleaji wakigeuka ukutani, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo. Filimbi za refa, yaani mwamuzi mkuu, alinieleza huku zikilia: fupi fupi, waogeleaji wavue nguo za juu, ndefu, wapande vibao vya kurukia. Kisha akanisogeza kwenye ukuta na kuniambia nisiwinde makosa. Mwamuzi anayewinda, alisema, huyapata hata yasipokuwepo, na penye shaka haki ni ya mwogeleaji.

Kila nilipotamka "nadhani" alinikatiza kwa maswali yale yale. "Ulikuwa umesimama wapi? Umeona nini? Kinavunja kanuni gani?" Nikikosa jibu la mojawapo, basi hakuna kosa, tunaendelea. Kwenye mbio za mtindo wa chura mtoto mmoja aligeuka kwa namna niliyoona si sawa, nikamwambia mama yule kwamba hakugusa vizuri. Akatikisa kichwa: vizuri ndiyo nini? Nikaitafuta picha upya kichwani. Mkono wa kushoto uligusa ukuta kwanza, wa kulia ukafuata, na kanuni ya chura inataka mikono yote miwili iguse kwa wakati mmoja. Hapo akakubali, kwani yeye pia aliona na mkono wake ulikuwa umeshainuliwa juu, ishara kwamba kuna kosa. Nikaandika sentensi hiyo hiyo kwenye fomu: mkono upi, ukuta upi, njia ipi. Refa aliisoma mara moja tu, hakuuliza kitu.

Kuandika ripoti namna hiyo hakukuguswa darasani, wala mtihani hauna swali lake hata moja. Ajabu kwangu, kwa sababu kocha wa mtoto aliyeenguliwa atakuja kuuliza, na refa hana cha kumjibu zaidi ya ulichoandika wewe. Jioni ile ya slaidi wangetupa video na fomu tupu tujaze, tukatoane makosa wenyewe, tungetoka na kitu.

Kuhusu mwili wako: utasimama zamu nzima kwenye joto na sakafu yenye maji. Vaa viatu visivyoteleza, beba maji ya kunywa na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu.

Nyota mbili kwa darasa, tano kwa bwawani. Ukijiandikisha, omba zamu yako ya kwanza iwe kwenye mashindano ya watoto wadogo. Wakubwa wanageuka safi mbio baada ya mbio na utasimama bila kuinua mkono. Kwa wadogo utayaona kwa asubuhi moja mambo ambayo kitabu kinayaeleza kwa kurasa nyingi, na mama kama yule atakuwa ubavuni mwako akikuuliza umeona nini.