Kiinitete cha Papa: Ndani ya Yai au Tumboni mwa Mama?
Kwa mwalimu wa baiolojia hapa Dodoma, mbali na bahari, anayefundisha hitilafu za ukuaji wa kiinitete cha papa, naona papa wanaotaga wanafaa zaidi kuliko wanaozaa, kwa kuwa yai lao huweza kutunzwa katika tangi la maji ya chumvi na kiinitete kikafuatiliwa hatua kwa hatua bila mama kuuawa, na hilo kwangu si jambo dogo. Kwa wanaozaa, hitilafu hugunduliwa aghalabu mama akishavuliwa, kama kijusi chenye vichwa viwili cha papa aina ya Carcharhinus leucas kilichopatikana Ghuba ya Meksiko mwaka 2011. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa Hispania walieleza hitilafu hiyohiyo katika papa anayetaga.