Kompyuta, Kioo na Diski: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Kuhariri Picha kwa Bajeti Ndogo Jijini Mwanza

Mpiga picha anayeanza kazi Mwanza huwa ameshamaliza karibu fedha zake zote kwenye kamera na lenzi kabla hajajiuliza picha atazihariria wapi. Ndiyo maana picha nzuri zilizopigwa kwenye mawe ya Capri Point huishia kwenye kompyuta iliyonunuliwa haraka haraka, yenye kioo kinachodanganya rangi na diski inayokwama, na mteja hupokea kazi iliyo chini ya uwezo wa kamera yenyewe. Nimepanga hapa machaguo yaliyopo kwa mwenye bajeti ndogo, kuanzia lile ninalolipendekeza hadi lile ninalokusihi uliache dukani. Msimamo wangu ni kwamba fedha zitangulie kwenye kioo na diski, na kasi ya prosesa ije baadaye.

Mwanga wa huku ziwani ndio unaonifanya niseme hivyo. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, amevaa gauni jeupe, amesimama saa saba mchana na nyuma yake Jiwe la Bismarck na maji yanayomeremeta: katika picha hiyo moja mna weupe mkali na weusi mzito, na vyote viwili mteja anataka avione. Picha ya JPEG huhifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili ghafi la RAW la biti 14 huhifadhi ngazi 16,384, na hizo ngazi za ziada ndizo zinazokuwezesha kurudisha nakshi za gauni bila kuufanya uso uwe wa kijivu. Kwa hiyo piga RAW. Gharama yake ni ukubwa: faili moja la kamera ya megapikseli 24 huwa na takriban MB 25, na harusi yenye picha 1,500 hukaribia GB 38. Kifaa chochote utakachonunua kipimwe kwa mzigo huo.

Chaguo la kwanza: kompyuta mpakato ya ofisini iliyotumika

Ninazozungumzia ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni, ambazo huingizwa nchini baada ya kutumika miaka michache: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ndugu zake. Zote tatu zilitoka mwaka 2018 na zote zina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi), kwa hiyo unaweza kuanza na GB 8 na kuongeza nyingine 8 kazi ikianza kulipa. T480 ina sifa moja zaidi ninayoithamini sana hapa kwetu: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaweza kuichomoa na kupachika nyingine iliyojaa bila kuzima kompyuta. Umeme ukikatika huku umebakiza picha arobaini na mteja anazisubiri jioni hiyo, utaelewa kwa nini naitaja.

Usinunue kwa kutazama kibandiko cha i7. Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, mdogo wangu, hiyo nyingine ni i5 tu," na wewe utaamini umepata bahati. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa ya i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina viini viwili tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), wakati i5-8350U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne, na katika kutoa mamia ya picha zilizohaririwa tofauti hiyo huonekana wazi. Kuna sababu ya pili ya kung'ang'ania kizazi cha nane: kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia hapo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa tuje kwenye kioo, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Modeli moja huuzwa ikiwa na vioo tofauti, na vya bei ya chini ni vya aina ya TN, ambavyo rangi hubadilika ukivitazama kwa pembe, mara nyingi vyenye upana wa pikseli 1366 kwa 768. Unachotafuta ni IPS, aina ya kioo inayoshika rangi hata ukikitazama kwa pembe, yenye 1920 kwa 1080. Usitegemee maneno ya mtu. Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu ikiwa na picha moja unayoijua vizuri. Mimi huenda na picha ya mvuvi aliyevaa koti jeusi, iliyopigwa alfajiri pale Mwaloni, ambayo mikunjo ya koti lake inaonekana kwa taabu. Ifungue ijae kioo, kaa sawasawa mbele yake, kisha sukuma kioo nyuma polepole. Kioo cha TN kitaanza kugeuza weusi kuwa kijivu chenye kung'aa, na ukiendelea kusukuma koti litaonekana kama picha iliyogeuzwa rangi. Kioo cha IPS kitapungua mwanga kidogo tu, na koti litabaki koti. Kipimo hiki huchukua nusu dakika na hakina gharama.

Ukiwa hapo hapo, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu utafute madoa na pikseli zilizokufa. Jaribu kuchajia kila tundu la USB-C, kwa kuwa moja huweza kuwa limekufa na lingine zima. Fungua mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) uone kama kuna nenosiri lililoachwa na kampuni ya zamani. Kama lipo na muuzaji hawezi kuliondoa mbele yako, ondoka. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport itakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, hiyo ni hoja ya kushusha bei, si lazima iwe sababu ya kuikataa.

Nikiri jambo moja: hata vioo vingi vya IPS vya kompyuta hizi havionyeshi rangi zote za sRGB (kiwango cha rangi kinachotumika mtandaoni), na wekundu wa vitenge hupauka kidogo. Ndiyo sababu ununuzi wako wa baadaye uwe skrini ya nje ya IPS ya inchi 22 au 24, iliyotumika, ambayo utaichomeka ukiwa nyumbani.

Chaguo la pili: kompyuta ya mezani iliyotumika

Kwa mwenye studio ya kudumu, tuseme Nyegezi au Buzuruga, ambaye hahitaji kubeba chochote, kompyuta ya mezani ya ofisini pamoja na skrini ya IPS hutoa nguvu zaidi kwa fedha ile ile. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya umeme peke yake. Bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika), kukatika kwa sekunde mbili huzima kila kitu, na diski ikiwa inaandika wakati huo unaweza kupoteza faili. Bei ya UPS, na ya betri yake itakayohitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, uihesabu tangu mwanzo. Wanaokaa karibu na maji nao wafungue boksi na kulisafisha mara kwa mara, maana vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku huingia kwenye feni na kuganda humo pamoja na vumbi.

Chaguo la tatu: MacBook Air ya M1

Kompyuta hii iliyotoka mwishoni mwa 2020 ina kioo kizuri kuliko zote nilizozitaja, haina feni, na betri yake hudumu. Ikiwa bajeti yako inaifikia bila kugusa fedha za diski, inunue kwa furaha. Tatizo ni kwamba RAM na hifadhi yake vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo yenye GB 8 itabaki na GB 8 hadi mwisho, na hifadhi ya GB 256 hujazwa na harusi chache. Hakikisha mwenye nayo wa zamani ameondoa akaunti yake. Ikiwa imefungwa, umenunua bati.

Simu janja naipa nafasi ya nne, na wala siidharau. Snapseed ni ya bure na hufungua faili za DNG, ambazo ni aina mojawapo ya RAW, na kwa mtu anayepiga picha chache za biashara, sangara barafuni au vitenge vya dukani, inatosha kabisa. Kwa harusi ya picha mia tano za kuhariri haitoshi.

Ninachokusihi ukiache ni kompyuta mpakato mpya ya bei ya chini yenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM ya GB 4 isiyoongezeka. Boksi lake hunukia upya, lakini itakufanya uichukie kazi.

Diski, na programu za bure

Niliwahi kuwa na diski moja tu ya nje. Usiku mmoja umeme ulikatika, mtu akajikwaa kwenye waya wake gizani, diski ikaanguka sakafuni ikiwa inazunguka, na picha za send-off ya familia moja zikaenda nayo. Nilirudisha fedha zote. Mama wa binti aliniambia, "Mwanangu, fedha nimezipokea, lakini siku ile haitarudi," na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo katika kipengele hiki orodha yangu ni fupi: nafasi ya kwanza ni diski mbili za kawaida za TB 1, badala ya SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani) moja ya nje ya bei ile ile. SSD iwe ndani ya kompyuta, ambako programu na kazi ya sasa hukaa, kwa kuwa hata ile ya SATA, aina ya polepole zaidi, husoma kwa takriban MB 500 kwa sekunde ilhali diski ya kuzunguka husoma MB 100 hivi. Diski moja ya nje ikae nawe, nyingine ikae kwenye nyumba tofauti, kwa dada yako Igoma kwa mfano, mkabadilishane kila baada ya wiki mbili. Flashi si mahali pa kutunzia kazi ya mteja. Google nayo hutoa GB 15 za bure, ambazo hazifikii hata nusu ya harusi moja.

Kwa programu za kuhariri RAW, darktable ni ya bure na ndiyo ninayoitumia kila siku, ingawa ni nzito; mwenye RAM ya GB 8 aanze na RawTherapee, nayo ya bure. darktable haigusi faili ghafi, bali huandika mabadiliko yako kwenye faili dogo la XMP pembeni yake. Mafaili hayo ya harusi nzima ni mepesi kiasi kwamba unaweza kujitumia kwa baruapepe kila jioni, na diski ikifa, ile nakala ya Igoma pamoja na hayo mafaili madogo vinakurudishia kazi yote ya uhariri. Lightroom ni nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi. Ile iliyovunjwa kufuli, inayogawiwa kwenye flashi, usiiingize kwenye mashine yenye picha za watu.

Siku ya kulipa, dai risiti yenye namba ya utambulisho wa kompyuta yenyewe, pamoja na siku za majaribio zilizoandikwa kwa kalamu, si kwa mdomo. Siku hizo zitumie kwa kazi nzito: ingiza picha 300 za RAW, zihariri, zitoe zote kwa mkupuo huku chaji imechomolewa, na uone kama itazima kabla haijamaliza.